Pembeni ya Picha

Old Korogwe,
3 Februari 2025

Mama,

Shikamoo, na nyingine ya akiba kwa siku ambazo barua hii itachelewa njiani.

Mimi mzima, kikohozi kimeniacha. Huko nyumbani hawajambo? Mbuzi wa Bi Mwaija amezaa, au bado anatudanganya na tumbo? Kaburi la baba ulipata nafasi ya kulipalilia?

Naandika kwa karatasi kwa sababu ile uliyoisema mwenyewe tulipoagana. Pale kwetu mtandao unapatikana kwenye baraza ya baba mdogo Hussein tu, na ukisimama pale na simu sikioni, ukoo mzima unajifanya unachambua mboga. Meseji nazo zinasomwa na hao hao wanaokuchajia simu. Kwa hiyo barua nitampa Castory, kondakta wa gari la Handeni. Ameniapia kwamba hafungui bahasha za watu, nami nimemwamini kwa kuwa hata za kwake havumilii kuzisoma.

Sasa habari za chuo. Tulidhani muhula huu tutafundishwa kusoma taarifa ya habari redioni, na Joyceline anayekaa jirani yangu darasani alishaanza kutengeneza sauti. Badala yake tumeletewa Mwalimu Deogratius, anatufundisha kutengeneza tovuti. Anasema mwandishi wa siku hizi asiyejua kujijengea ukurasa wake ni mpishi wa kuazima jiko. Tumeanza na tovuti inayojipanga yenyewe. Maana yake ukurasa ni uleule mmoja, ila ukifunguliwa kwenye kompyuta unajitandaza, na ukifunguliwa kwenye simu unajikunja ili utoshe kioo. Nilipoelewa nilicheka peke yangu, nikakumbuka mkeka wetu. Wageni wakija tunautandaza wote, tukibaki wawili tunaukunja nusu.

Kazi ya muhula ni kila mmoja awe na blogu yake kuhusu mahali anapopajua. Nimechagua nyumbani. Joyceline kaniuliza Sindeni kuna nini cha kuandika, nami nimemwambia asubiri.

Chumba nilichopanga ni kizuri ila kimya mno. Jioni nasikia watu wa nyumba ya pili wakicheka, nami nakula nimeukabili ukuta. Nitumie unga wa muhogo wa kusongea bada kidogo, wa hapa una mchanga.

Mwanao,
Maryamu


Sindeni, Handeni,
15 Februari 2025

Mwanangu Maryamu,

Marahaba, na ile ya akiba nimeiweka kabatini.

Huku wote ni wazima, isipokuwa jogoo wetu, ambaye alifika kwenye chungu kwa ajali niliyoipanga mwenyewe. Mbuzi wa Bi Mwaija amezaa mapacha. Kaburi la baba yako nimelipalilia, nikakaa pale kidogo nikimweleza habari zako. Mvua bado inatuzungusha. Bada nimekufungia kwenye mfuko wa sukari, usiigawe darasani ukajifanya tajiri.

Tovuti yako sijaielewa, lakini mkeka nimeuelewa. Andika, mwanangu. Ila ile hadithi ya baba yako na punda iache, mtu amelala kwa amani.

Kuna jambo. Mwaka wa msiba unakwisha baada ya Ramadhani, na Hussein ameshaita kikao. Desturi ya ukoo wenu unaijua. Siku hiyo mafiga ya jiko la marehemu yanang'olewa, na mtoto wa marehemu anayarudisha kwa mkono wake mbele ya yule atakayebaki na nyumba. Kama mtoto hayupo, analeta neno lake. Mimi sikujaliwa kuzaa pale. Nilipoolewa ulikuwa unajifunza kutembea, na mama yako mzazi alikuwa ameshatangulia. Wapo wanaosema binti wa manamba wa mkonge, tena anayekwenda kanisani, hana figa katika mji wa Wazigua. Hawasemi mbele yangu. Wanauambia ukuta, nami ndiye niliye nyuma ya ukuta.

Mtoto wa baba yako ni wewe peke yako. Sikusukumi. Nakupa tarehe tu, ni Jumamosi ya tarehe 12 Aprili.

Kula ushibe.

Mama yako,
Yusta


Old Korogwe,
27 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Mfungo unaendaje kwa wanaofunga hapo nyumbani, na wewe unayewapikia bila kuonja? Mimi nafuturu na Joyceline. Yeye ni Mkristo kama wewe, hafungi hata nusu siku, lakini kwenye tende anatushinda sote.

Nina habari mbaya na nzuri. Mbaya ni kwamba tarehe 12 nina mtihani wa vitendo, na anayeukosa anarudia mwaka. Nimeomba ruhusa nikakataliwa. Nimelia, kisha nikapata akili.

Nzuri ni kwamba blogu imekamilika! Juu kabisa nimeweka ile picha ya Idi, kabla baba hajaugua, tuliyopigwa mbele ya nyumba. Baba yuko kwenye kiti, mimi nimesimama kando yake, baba mdogo Hussein yuko nyuma, Bi Mwaija mkubwa wa ukoo na fimbo yake, na wewe mwisho kabisa karibu na mlango wa jiko, na ile khanga yako ya kijani. Kwenye kompyuta ya chuo inajaza kioo chote. Mwalimu Deogratius alisimama kuitazama, akaniuliza nani ni nani.

Chini ya picha ndipo zilipo makala, na ya kwanza ni neno langu kwa kikao. Nimeandika wazi kwamba aliyenilea ni Mama Yusta, jiko ni lake, nyumba ni yake, na mafiga nayarudisha kwa maneno haya mpaka nitakapofika na mikono. Ningeweza kuwaandikia wazee barua ya kawaida, lakini barua mtu anaisoma na kuikunja. Hii itaonekana na dunia nzima, hakuna atakayeikana. Linki nimemtumia baba mdogo kwa kuwa ana simu kubwa. Nimemwambia aifungue mbele ya kikao.

Mwalimu ana msemo wake, tuanze na simu kwa sababu hakuna bibi yetu mwenye kompyuta. Tunamcheka. Mimi simu yangu ni kitochi cha vibonye kama yako, nitaanzaje na kitu nisicho nacho? Hata hivyo nilibana dirisha la kompyuta likawa jembamba kama simu, nikashuka chini kwenye maandishi, nikakuta yamejipanga vizuri, hakuna herufi iliyotoka nje. Nililala usingizi mtamu.

Siku ya kikao nitakuwa na mtihani mkononi na wewe moyoni. Niandikie upesi walivyosema.

Mwanao,
Maryamu


5 Mei 2025

Maryamu,

Marahaba. Barua yako ilifika. Natumaini mtihani ulikwenda vizuri.

Kikao kilikaa. Ukurasa wako ulionekana. Picha ya baba yako imetoka vizuri.

Wote hawajambo. Soma kwa bidii, elimu haitakutupa.

Yusta


Old Korogwe,
18 Mei 2025

Mama,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikaigeuza nyuma kutazama kama kuna nyingine. Hakuna.

Kwanza habari za huku. Mtihani nimefaulu. Mto umejaa, maji ni mekundu, na mbu wa Old Korogwe wamenenepa kutuzidi. Joyceline amenunuliwa simu mpya na kaka yake, sasa haongei na mtu.

Sasa niambie kweli. Mafiga yalirudishwa? Bi Mwaija alisema nini? Nimepiga simu yako haipatikani. Nikampigia baba mdogo Hussein, akasema mko salama, akasema shule ni muhimu, akakata. Nimekaa na hiyo shule ni muhimu wiki nzima, siijui inamaanisha nini.

Na kuna mengine madogo ambayo labda ni ujinga wangu. Hukuandika mahali juu ya barua. Wewe ndiye uliyenifundisha, ulisema barua isiyo na mahali ni mgeni asiyesema ametoka wapi. Na chini umeandika Yusta tu.

Kama nimekosea kwenye blogu niambie. Tangu siku ile nimeandika makala nyingine, na nyingi ni zako. Kuna ya namna unavyochuma mlenda bila kuung'oa. Kuna ya siku uliyonibeba mgongoni hadi zahanati, na baba akakuta nyumba tupu akadhani tumeibwa. Ya punda sijaandika. Mwalimu anasema watu wanapenda kusoma habari za mtu mmoja kuliko za kijiji kizima, nami sina mtu mwingine wa kuandika habari zake.

Watu wa nyumba ya pili wamehama. Sasa hata kicheko chao sikisikii. Tafadhali niandikie hata matusi.

Mwanao,
Maryamu


20 Juni 2025

Maryamu,

Marahaba. Usijiumize na mambo madogo. Nilisahau kuandika mahali kwa sababu nilikuwa na haraka. Simu betri yake imevimba, nimeitupa kabla haijanilipukia.

Mimi mzima. Mgongo unauma kidogo wakati wa kuamka, ndiyo umri. Mahindi ya huku yamebeba. Upepo ukivuma kutoka mashambani unaleta harufu ya mkonge uliooshwa, inanikumbusha utoto wangu, sijui kama ni vizuri au vibaya.

Mafiga usiyaulize. Mafiga ni mawe.

Hujakosea. Mtoto akishakua ana haki ya kuchagua watu wake, na mlezi mwenye akili haulizi kwa nini. Mimi nilikulea kwa kupenda, hapakuwa na mkataba. Hilo nataka ulijue, na ulale.

Kengele ya kanisa inalia, naacha hapa.

Yusta Matayo


Old Korogwe,
3 Julai 2025

Mama,

Shikamoo. Leo naomba unisamehe, salamu zangu ni hiyo moja.

Kutoka nyumbani kwetu hadi kanisani unatembea nusu ya asubuhi. Kengele haifiki. Na mkonge Sindeni hakuna wa kuoshwa. Nilimvizia Castory stendi nikamwambia sitoki kwenye mlango wa gari lake mpaka aseme. Alijikuna, akasema barua zako anapokea hapa hapa Korogwe kutoka gari la Kerenge, na kwamba ulimwomba anipe kana kwamba zimetoka Handeni. Uko kwa mjomba Fabiani. Umehamia karibu nami kuliko ulivyowahi kuwa, na hukuniambia!

Yale maneno yako kwamba mtoto ana haki ya kuchagua watu wake yalininyima raha. Nikamwambia Joyceline afungue blogu yangu kwenye ile simu yake mpya, atafute kosa. Akaitazama kidogo tu. Akaniuliza, "Kwani mama yako yuko wapi?"

Nikaichukua. Baba alikuwepo katikati, mimi nilikuwepo, baba mdogo alikuwepo nyuma, Bi Mwaija alikuwa nusu. Mwisho kabisa, ukingoni, ilibaki ncha ya khanga ya kijani.

Acha nikueleze, ingawa maelezo hayatibu. Picha ile ni pana. Niliiamuru ijaze nafasi yake yote bila kubanwa. Kwenye kioo kipana inatosha nzima. Kwenye kioo chembamba, ili ijae bila kubanwa, inakata pembeni na kubakisha katikati. Hakuna aliyekukata kwa mkono. Ni amri niliyoiandika mimi, ikafanya nilivyoiambia, na mimi siku ya kujaribu nikakimbilia kwenye maandishi. Nilikuwa naangalia herufi zisitoke nje. Uliyetoka nje ni wewe.

Mama, nilikaa kwenye ngazi za chuo nikalia mpaka Mwalimu Deogratius akaja. Nilidhani ataniambia kosa ni dogo, linarekebishika. Aliniuliza tu ni nani aliyeona. Nikamwambia wote.

Ningepanda gari leo hii, lakini Castory anasema ulimwambia nikigundua nisije mpaka uniite. Niite, mama. Nakuomba uniite.

Mwanao, na nitaliandika hili hata usipoliitikia,
Maryamu


Kerenge, Korogwe,
24 Julai 2025

Maryamu,

Marahaba. Barua yako nimekaa nayo muda mrefu kwenye fundo la khanga. Wifi yangu alidhani ni pesa, akaanza kunipikia vizuri.

Nitakueleza yote mara moja, usiniulize tena.

Siku ya kikao mafiga yaling'olewa asubuhi, yakawekwa uani, yana masizi ya miaka yetu yote. Wazee wakakaa. Hussein akasimama na simu yake, akasema mtoto ameleta neno lake kwa njia za kisasa. Ikapita mkono kwa mkono. Kila mzee akaitazama, akanitazama mimi, akampa mwenzake. Nilidhani wanasoma maneno mazuri uliyoniahidi, nikawa najiandaa uso wa kupokea. Ikanifikia mwisho.

Nilijitafuta, Maryamu. Nikaanza kwa baba yako, nikaja kwako, nikapita kwa Bi Mwaija, nikafika ukingoni nikakuta khanga yangu, mimi sipo. Nikarudi kuanza upya, kana kwamba nimejipita njiani. Hussein akachukua simu yake akaitia mfukoni. Hakushusha chini. Hakuna aliyejua kuna chini. Mzee mmoja akasema, basi, mtoto amesema.

Sikungoja kuambiwa. Nilifunga nguo zangu nikaondoka na gari la mchana.

Hussein sikumlaumu sana. Linaloniuma ni kwamba niliamini. Nilikuogesha, nikakunyoa nywele za utotoni, nikakufundisha kushika kalamu, halafu kioo kikubwa kama kiganja kikaniambia hunitaki, nami nikakisadiki kuliko nilivyokujua wewe. Ukiuliza kwa nini sikukuandikia, ni aibu hiyo. Mwanzo ilikuwa uchungu, baadaye ikawa aibu.

Hapa kwa kaka sinyanyaswi. Napewa kiti. Lakini mtu mzima akipewa kiti kila siku ujue ni mgeni. Sufuria zao sijui zinakaa wapi, na nikiuliza wanasema mama pumzika. Nimechoka kupumzika.

Usije. Nikikuona hapa nitalia mbele ya wake za watu, na sitaki. Fabiani amenifungulia ukurasa wako, nikamwambia ashushe mpaka mwisho. Nimesoma ya mlenda. Ya zahanati umeongeza chumvi, mvua siku ile haikunyesha.

Na hiyo picha usijaribu kunihamisha. Najua utataka kuniweka katikati ili unifurahishe. Nilisimama pale pembeni kwa sababu wali ulikuwa unakaribia kuungua na sikio langu moja lilikuwa jikoni. Pale ndipo nilipokuwa. Fanya kioo kinitoshe hapo hapo.

Nakuombea.

Yusta


Old Korogwe,
8 Septemba 2025

Mama,

Shikamoo. Joyceline anakusalimu, na Mwalimu Deogratius pia. Anasema makala ya zahanati ameisoma kwa mke wake, mvua ikiwemo.

Sijaja Kerenge kwa kuwa umenikataza. Sindeni hukunikataza, kwa hiyo nilikwenda.

Nilimwomba Bi Mwaija aite kikao kilekile, wazee walewale. Sikwenda na simu. Nilikwenda na ile picha imechapwa kwenye karatasi, nzima, ukubwa wa sinia, kwa sababu karatasi haijikunji kumkata mtu. Nikaiweka kwenye mkeka. Kisha nikawasomea neno langu kwa mdomo, kama nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Niliyesoma kuisemesha dunia nzima, nilishindwa kutazama macho ya wazee tisa.

Baba mdogo Hussein hakubisha. Alisema, "Mimi nilionyesha nilichokiona." Mama, sikuweza kumwita mwongo. Ndicho alichokiona. Nikamwambia kosa ni langu, akainamisha kichwa.

Mzee mmoja akasema mafiga hayarudishwi mbele ya mtu asiyekuwepo. Bi Mwaija akagonga fimbo, akasema, "Huyo hayupo kwa sababu ya macho yetu. Leteni kigoda chake." Kikaletwa kikawekwa jikoni. Nikayarudisha mbele ya kigoda kitupu, nikiwa nimepiga magoti, moshi haupo lakini machozi yalikuwepo.

Nikwambie na hili, usije ukalikuta ukashangaa. Mafiga mawili niliyaona, moja lilikuwa linazuia mlango wa banda la kuku. La tatu halikupatikana. Niliokota jiwe kwenye njia ya kisimani nikaliweka hilo. Si zuri.

Picha kwenye blogu sasa inasinyaa yote pamoja. Kwenye simu sote tumekuwa wadogo, Bi Mwaija anaonekana kama kuku na fimbo, lakini hakuna anayekatwa. Wewe uko pale pale pembeni. Sijakusogeza.

Nyumba imefungwa, inakungoja. Sikusukumi. Nakupa habari tu.

Mwanao,
Maryamu


Sindeni, Handeni,
11 Oktoba 2025

Mwanangu Maryamu,

Marahaba, zote, na zile ulizonidai tangu Mei.

Nimefika wiki iliyopita. Castory alinishusha mlangoni kabisa, akakataa nauli, akasema yeye naye alikuwa na dhambi ya bahasha. Nyumba ilikuwa na vumbi la kupandia mbegu. Popo wamezaa darini. Panya wamekula mkeka wetu, ile nusu tunayoikunja, sasa wageni wakija sijui watakaa wapi. Hata hivyo wageni hawaji. Bi Mwaija ndiye anayepita jioni, anakaa, anaondoka. Mapacha wa mbuzi wake wamekuwa wakubwa, hawanijui.

Hussein ananisalimia akiwa ameelekea upande mwingine. Juzi nilikuta kuni mlangoni, sikusikia aliyezileta. Nimezitumia.

Sitakudanganya kwamba yamekwisha. Kuna siku nikiwa nafagia naikumbuka ile simu inavyopita mkono kwa mkono, naacha ufagio, nakaa chini. Nyumba hii nayo ni kubwa kwa mtu mmoja. Zamani nilikuwa nawasikia nyie wawili mkigombana juu ya redio, na nikiwa jikoni nilikuwa najua nani yuko wapi. Sasa najua kila mtu yuko wapi, na hakuna aliye hapa.

Figa lako la tatu linacheza. Ni fupi, na chini lina nundu. Sufuria inalala upande, maji yanachemka upande mmoja, na nikisonga ugali lazima niishikilie kwa mkono mwingine, jana niliungua kidole. Bi Mwaija alinitazama nikihangaika, akasema ataniletea jiwe zuri. Nimemkatalia. Nimemwambia hilo kaliweka mwanangu, na mtu asiliguse mpaka arudi mwenyewe alitengeneze.

Likizo inaanza lini?

Mama yako,
Yusta